Subira ya Fundi Mbele ya Kompyuta Inayoganda

Miongoni mwa hitilafu zote zinazoipata kompyuta ya mezani, kuganda ndiko kunakompima fundi kwa kina zaidi, kwa sababu mashine iliyoganda haisemi lolote. Kompyuta isiyowaka kabisa ina afadhali, kwani fundi hufuata njia ya umeme kutoka ukutani hadi kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu ambao sehemu nyingine zote huchomekwa juu yake, na pale umeme unapokatikia ndipo penye kosa. Kompyuta inayoanguka kwa skrini ya buluu nayo huacha walau nambari ya kosa inayoweza kuchunguzwa. Inayoganda husimama katikati ya kazi, picha ikabaki kwenye skrini kama ilivyokuwa, kishale kisisogee, kibodi isijibu, na ikishazimwa kwa nguvu na kuwashwa tena huenda ikafanya kazi siku nzima bila ya dalili yoyote. Ufundi unaostahili kusifiwa hapa si ule wa kufungua skrubu wala wa kubadilisha vipuri, ambao mtu mwenye mikono mizuri hujifunza kwa muda mfupi, bali ni ule wa kutafuta sababu mahali ambapo ushahidi umekwisha kufutika. Huo ni elimu kamili, yenye kanuni zake na maadili yake, ingawa hufanyiwa kwenye meza iliyojaa nyaya na vumbi, na wanaoufanya ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa wasomi.

Kwa maana ya kitaalamu, kompyuta huganda kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa ambazo mbele ya mtumiaji huonekana kuwa kitu kimoja. Katika njia ya kwanza, kichakataji, yaani kijenzi kinachotekeleza amri za programu, bado kinafanya kazi, ila programu fulani imenaswa katika mzunguko usio na mwisho au inasubiri jibu lisilokuja, na kwa kuwa programu nyingine zinaisubiri yenyewe, kazi yote husimama. Katika njia ya pili ni maunzi, yaani vifaa vyenyewe vinavyoshikika, yaliyoshindwa, na hapo hakuna programu inayoweza kujiokoa kwa sababu hakuna programu inayotekelezwa. Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, alithibitisha mwaka 1936, kabla ya kompyuta za kielektroniki kuwapo, kwamba hakuna kanuni moja inayoweza kuamua kwa kila programu kama itafika mwisho wake au itaendelea milele. Hoja hiyo ya kinadharia ina sura yake ya kila siku: mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia nyingine zote, hauwezi kujua kwa hakika kwamba programu fulani imekwama, basi huamua kwa kutazama saa. Windows hungoja kwa kawaida sekunde 5 kabla ya kutangaza kwamba dirisha fulani halijibu, na hungoja sekunde 2 kabla ya kuianzisha upya draiva ya kadi ya picha, draiva ikiwa ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa. Mashine yenyewe, kwa hiyo, hukisia tu kuhusu hali yake. Kazi ya kujua imeachiwa binadamu.

Fundi mzoefu akibahatika kuikuta mashine ikiwa bado imeganda hana haraka ya kubonyeza kitufe cha kuzimia, maana dakika hizo chache ndizo zenye habari nyingi kuliko saa zote zitakazofuata. Hubonyeza kitufe cha Num Lock na kutazama taa yake: ikiwaka na kuzimika, kiini cha mfumo endeshi bado kinasikia, kwa kuwa taa hiyo haiamriwi na kibodi bali huamriwa na kompyuta, na isipobadilika, kiini chenyewe kimesimama. Hutazama taa ya diski kwenye kasha, kwani taa inayowaka mfululizo bila kupepesa huonyesha kwamba kompyuta imeiomba diski kitu na diski haijakitoa. Husoma saa iliyo pembeni mwa skrini, ambayo ikiwa imesimama humpa dakika kamili ya tukio, dakika atakayokuja kuitafuta baadaye katika kumbukumbu za matukio. Husikiliza pia. Ikiwa muziki ulikuwa unapigwa, mara nyingine kipande cha sauti kisichofika hata sekunde moja hujirudia bila kukoma, na fundi anajua maana yake: kijenzi cha sauti kinaendelea kusoma sehemu ileile ndogo ya kumbukumbu ya muda ambayo kichakataji kimeacha kuijaza, nayo ni dalili nzito kwamba kosa limefika chini kabisa. Hatimaye hubonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na Delete, vitufe ambavyo David Bradley, mhandisi wa IBM, aliviunganisha wakati wa kuundwa kwa kompyuta binafsi ya kampuni hiyo iliyotoka mwaka 1981, na skrini ya usalama ikitokea, anaelewa kwamba lililoganda ni sehemu ya nyumba na si nyumba nzima.

Mara nyingi, hata hivyo, mashine hufika kwa fundi ikiwa nzima, imebebwa mikononi au kwenye bodaboda, na mwenyewe hana la kueleza zaidi ya kwamba inaganda. Hapo huanza mahojiano, na hapo pia fundi wa kweli hujitenga na mbabaishaji. Huuliza tangu lini, huuliza ni saa ngapi za siku, huuliza kama inaganda wakati haifanyiwi kazi yoyote au wakati programu nzito imefunguliwa, kama imewahi kuhamishwa, kama umeme ulikatika karibu na siku ya kwanza ya tatizo, na huuliza kwa upole kama kuna fundi mwingine aliyeifungua. Kompyuta ya duka la steshenari linaloelekea barabara ya vumbi, inayowashwa asubuhi na kuzimwa usiku, ikiwa inaganda alasiri tu, imekwisha kusema jambo kubwa kuhusu joto, na ile inayoganda asubuhi ikiwa baridi na kutulia baadaye inaelekeza kwenye viungo na soketi ambazo hushikana vizuri zaidi zikishapata joto. Majibu haya hayathibitishi chochote bado. Yanapanga tu mpangilio wa maswali.

Kabla ya swali lolote kwa mashine kuna wajibu mmoja, nao ni kuokoa kilichomo. Hesabu za duka, matokeo ya wanafunzi, picha za marehemu, vyote hivi vina thamani kuliko kasha zima, na diski iliyoanza kufa huzidi kufa kwa kila usomaji. Diski ya kuzunguka huhifadhi data katika vipande vidogo viitwavyo sekta, vya baiti 512 au 4,096 kimoja, na inapokutana na sekta isiyosomeka hujaribu tena na tena kwa sekunde nyingi, huku mfumo endeshi ukiisubiri na mtumiaji akiona mashine imeganda. Diski hiyo pia hujiwekea daftari la afya yake, ambamo sekta zilizokwisha kuhamishwa na sekta zinazosubiri hukumu huhesabiwa, na fundi anayelisoma daftari hilo kwanza, akakuta hesabu ya zinazosubiri si sifuri, huacha kila kitu na kunakili diski yote. Anayeanza kwa majaribio mengine huenda akapata sababu ya kuganda na kumpotezea mtu kumbukumbu za miaka.

Hapa ndipo inapofaa kusemwa wazi kuhusu desturi iliyoenea katika vibanda vingi vya ufundi, desturi ya kupiga Windows upya, yaani kuisakinisha tena, kwa kila mashine yenye tatizo. Tiba hiyo ina mahali pake, hasa pale ambapo mfumo umeharibiwa na virusi au faili zake zimevurugika, lakini ikitumiwa kabla ya uchunguzi ni kufuta ushahidi, kwa sababu kumbukumbu za matukio zinazotunzwa na mfumo endeshi nazo huondoka. Linaloudhi zaidi ni kwamba mara nyingi huonekana kufaulu. Mfumo uliopigwa upya huandikwa katika sehemu nyingine za diski, mbali na sekta mbovu, na mashine hukaa wiki kadhaa ikienda vizuri hadi faili mpya zifike tena mahali palipooza. Fundi husifiwa, mteja hulipa, na baada ya muda mashine hurudi na hali ile ile, au huenda kwa fundi mwingine ambaye naye hupiga Windows. Katika mzunguko huo hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Kilichokosekana ni swali.

Swali jema kwa mashine ni lile linalobadilisha kitu kimoja tu. Anayebadilisha kumbukumbu ya muda, akapuliza vumbi na kusasisha draiva kwa siku moja, kisha mashine ikapona, hajui kilichoiponya, na kosa likirudi hana pa kuanzia. Basi fundi mwenye nidhamu hugawa uwezekano katika mafungu na kuyapima moja baada ya jingine. Huwasha kompyuta kwa mfumo endeshi mwingine uliomo kwenye flashi, huku diski ikiwa imechomolewa, na kuiacha ifanye kazi nzito: ikiganda hata hivyo, diski na kila programu iliyomo zimeachiwa huru kwa jaribio moja, na akili yote inaweza kuelekezwa kwenye maunzi yaliyobaki. Ndivyo mpepetaji anavyofanya kwa ungo, hatafuti punje mbovu moja moja, bali hutenganisha kwanza kilicho chepesi na kilicho kizito.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mshukiwa wa kwanza huwa joto, na kwa haki. Kompyuta nyingi za mezani katika ofisi na maduka ya huku zilianza maisha yake katika maofisi ya Ulaya au Ghuba, zikauzwa baada ya miaka kadhaa ya kazi, zikafika zikiwa na grisi iliyokwisha kukauka kati ya kichakataji na kipoza joto, yaani lile bonge la chuma lenye mapezi ambalo feni hulipulizia hewa. Kazi ya grisi hiyo, ambayo mafundi huiita pesti, ni kujaza mianya midogo isiyoonekana baina ya nyuso mbili za chuma, kwa sababu hewa iliyobaki humo hupitisha joto vibaya sana. Ikikauka, kichakataji hujipunguzia kasi kinapokaribia nyuzi 100 za Selisiasi, na kisipopoa hujizima chenyewe ili kisiungue, lakini vijenzi vya jirani visivyo na ulinzi kama huo ndivyo hushindwa kimya. Juu ya mapezi huwa pamekaa zulia la vumbi lililoshikamana kwa unyevu na chumvi ya bahari. Fundi hulipuliza kwa blowa, na anayejali hushika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwa kuwa feni inayosukumwa na upepo kupita kasi yake huharibu beringi zake, na tena hugeuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye ubao mama. Kisha hutikisa kipoza joto taratibu kwa vidole viwili. Katika mashine nyingi kimeshikwa kwa pini nne za plastiki, na pini moja tu iliyochomoka inatosha kukiinua upande mmoja kwa unene usioonekana kwa macho, na kuifanya mashine iliyosafishwa vizuri iendelee kuganda kila alasiri.

Mshukiwa wa pili ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, nayo ni mahali kichakataji kinapoweka kila kinachofanyiwa kazi wakati huo. Jambo la kwanza kufanywa huku kwetu ni kuichomoa, kuisugua raba kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, na kuirudisha, na jambo hilo halistahili dharau ambayo baadhi ya wataalamu hulipa, maana hewa yenye chumvi hutia utando kwenye viungo na utando huo huzuia umeme kidogo kidogo. Ila raba ikizidishwa huondoa na dhahabu yenyewe, ambayo ni nyembamba mno, na kiungo kilichovuliwa dhahabu huharibika upesi kuliko awali. Kwa hiyo fundi makini hupitisha raba kwa wepesi, hufuta mabaki yake, kisha huendesha programu ya kupima kumbukumbu, kama vile Memtest86, usiku kucha, kwani kasoro nyingine hazijitokezi katika mzunguko wa kwanza wa jaribio. Zikiwa ramu mbili, hupima moja moja, tena katika kila soketi, ili asiihukumu ramu kwa kosa la soketi. Anajua pia kwamba kumbukumbu nzima kabisa inaweza kukosea: mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods, watafiti wa Intel, walionyesha kwamba chembe za alfa zinazotoka katika mabaki machache mno ya urani na thori ndani ya vifuniko vya vijenzi zinaweza kugeuza sifuri kuwa moja. Kuganda kwa mara moja katika mwaka, basi, si kesi. Kunakojirudia ndiko kesi.

Umeme huja wa tatu, na huenda ndio unaoshukiwa mara chache kuliko inavyostahili. Kifaa cha kugawa umeme, pawa saplai, hupokea volti 230 au 240 za ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3, na viwango vinaruhusu mkengeuko wa asilimia 5 tu, kwa hiyo mstari wa volti 12 haupaswi kushuka chini ya 11.4. Fundi huupima kwa mita wakati mashine inafanya kazi nzito, kwa sababu pawa saplai iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo. Huinamia pia ubao mama na kuzitazama kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotuliza mawimbi ya umeme, ambavyo vichwa vyake vimechongwa mistari ya msalaba ili vipasuke kwa usalama. Kichwa kilichovimba, hata kidogo tu, ni jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye kimiminika chenye dosari, na kompyuta nyingi mno zikaanza kuganda na kufa kabla ya wakati wake, jambo lililowafundisha mafundi wa kizazi hicho kutazama kabla ya kugusa. Pawa saplai yenyewe haifunguliwi ovyo, kwa maana ndani yake hubaki volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Si kila kuganda, hata hivyo, hutoka katika maunzi, na mfano ulio bora kuliko yote ulitokea mbali na meza yoyote. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujianzisha upya yenyewe. Kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa ikishika kufuli ya pamoja, kazi nyingine za daraja la kati zikaizuia isimalize na kuiachia, na kazi ya daraja la juu iliyohitaji kufuli hiyo ikawa inasubiri bila mwisho, hadi mlinzi wa saa aliyewekwa kwa ajili hiyo akaamua kwamba mfumo umekwama na kuuanzisha upya. Dalili hiyo ilikwisha kuonekana kabla ya chombo kurushwa, lakini haikuweza kurudiwa kwa makusudi na haikuelezwa. Baada ya kutua, wahandisi waliiendesha nakala ya chombo maabarani, wakirekodi kila tukio, hadi kosa likajirudia mbele yao, ndipo wakalitambua, wakatuma sahihisho, na chombo kikaendelea na kazi. Mashine ilikuwa mamilioni ya kilomita mbali na hakuna aliyeweza kuigusa, lakini njia iliyotumika ni ileile ya kibandani: kosa lisiloweza kurudiwa halijaeleweka, na lisiloeleweka halijatengenezwa.

Kutokana na hilo huja sehemu ya ufundi huu iliyo adimu na yenye heshima kuliko zote. Fundi akishabadilisha ramu anayoishuku na mashine ikatulia, anaweza kuifunga na kudai fedha yake, na hakuna atakayemlaumu. Anayeijua kazi hufanya jambo moja zaidi: huirudisha ramu ya zamani. Mashine ikiganda tena, ramu imehukumiwa kwa haki, lakini isipoganda, basi kilichoponya huenda ni tendo la kuchomoa na kuchomeka, na mteja angeuziwa kipuri asichokihitaji huku ugonjwa wake ukibaki kwenye soketi. Jaribio hilo humgharimu fundi saa kadhaa ambazo hazionekani popote, halimpi faida yoyote, na pengine humnyima mauzo. Wanaolifanya hulifanya kwa sababu wanataka kujua, na kwa sababu hawataki kuchukua fedha ya mtu kwa jambo wasilolijua. Vyuo vya ufundi stadi vinavyofundisha majina ya vijenzi na hatua za kupiga mfumo endeshi vingefanya vyema kulifundisha jaribio hili kabla ya hayo yote, pamoja na desturi ya kuandika katika daftari kila kilichobadilishwa na kila kilichotokea.

Soko nalo halijaijua thamani ya ufundi huu. Mteja hulipa kwa moyo anapoonyeshwa kipuri kipya kwenye boksi lake, lakini hunung'unika akiambiwa kwamba pini moja ya plastiki ilikuwa imechomoka na kwamba kuigundua kulichukua siku mbili, ingawa siku hizo mbili ndizo kazi yenyewe na kipuri kingekuwa kificho cha kutojua. Malipo ya namna hiyo humsukuma fundi mwaminifu kuelekea kubahatisha. Basi mwenye kompyuta inayoganda na amweleze fundi wake kila alichokiona, pamoja na aliyoyafanya mwenyewe kabla ya kuileta; amwachie mashine usiku mmoja au miwili bila kumpigia simu kila saa; na siku ya kuichukua amlipe kwa sababu iliyopatikana, hata kama hakuna kilichonunuliwa.